Kaimati za Alasiri

Mimi si mwanamke wa kumfuata mume njiani. Kwetu Matuga nilifundishwa kwamba mume akitoka mwache atoke, mengine utayajua akirudi. Lakini Jumanne ile, baada ya sala ya alasiri, nilivaa buibui la kutokea, nikajifunika uso nikabakisha macho, nikamfuata Mzamil kutoka nyumbani kwetu Kuze mpaka Kibokoni kama askari kanzu. Nina miaka hamsini na tisa na magoti yangu yana makelele. Hasira ndiyo iliyonibeba.

Sababu ilikuwa mguu wake wa kulia.

Mzamil wangu ana sukari. Aliendesha kreni bandarini Kilindini miaka thelathini na moja, kutwa amekaa kitini kule juu, soda mkono huu na mahamri mkono ule, na alipostaafu alishuka na kitambi na ugonjwa. Hatukujali sana. Hapa kwetu sukari ni jambo la kutaniana barazani. "Yangu ilifika kumi na nne." "Ah, wewe mtoto, yangu kumi na tisa!" Ungedhani wanashindania kikombe. Vidonge alikuwa akimeza anapokumbuka, na mimi nilikuwa nikimkumbusha ninapokumbuka. Kisha mwezi wa kwanza mwaka huu kijiwe kikaingia kiatuni, akatembea nacho siku nzima asikihisi, kwa kuwa sukari ilikuwa imeshaua hisia za wayo wake. Nilijua nilipoona damu kwenye mkeka. Kidonda kikakaa pale chini ya kidole gumba, duara, kikubwa kama sarafu, kikakataa kufunga.

Daktari alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko angefoka.

"Mama, mambo ni mawili," aliniambia. "Mguu huu asiukanyagie, na sukari ishuke. Tujipe miezi mitatu. Ikishindikana, tutakata kidole. Na tukianza na kidole, mimi siwezi kukuahidi tutaishia wapi."

Maneno hayo ya mwisho nilirudi nayo nyumbani nikalala nayo.

Sasa, mimi ni mpishi. Si wa kujisifu, nasema tu kilichopo. Harusi za Kuze na Majengo, ukisikia pilau ya watu mia nne imeisha mpaka ukoko, uliza ni nani aliyeshika mwiko. Kwa hivyo nilisema moyoni, hii vita ni ya jikoni, na jikoni nimo mimi. Kopo la sukari nikampa jirani. Mahamri yakakoma. Tui zito likakoma. Wali mweupe ukawa ukufi mmoja, na sahani ikajazwa mchicha, bamia, kunde, samaki wa kuchoma. Chai ikawa ya karafuu na tangawizi, kavu. Na Mzamil akala. Alikula vyote, akasema alhamdulillah, akanawa. Hapo ndipo ilipasa nishtuke. Mume wa miaka thelathini na minane, ukimlisha bamia za kuchemsha wiki sita naye asinune hata siku moja, ujue ana lake.

Kila Jumatatu na Alhamisi tulikwenda kufungwa kidonda. Muuguzi wetu ni Dama, Mgiriama mrefu wa Kaloleni, mikono yake mepesi na ulimi wake haupindi. Anasafisha, anafunga, anamtoboa kidole, anasoma kipimo. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na sita.

"Mama Mejumaa, kwako kuna nini?" aliniuliza wiki ya sita.

Nikamwapia. Nikamtajia kila chungu nilichotia motoni. Akanitazama kama mtu aliyesikia viapo vingi.

"Nakuamini," akasema. "Basi kuna jiko jingine linalopika. Na kidonda hakingojei tulijue."

Njiani nilikuwa nikihesabu. Kila alasiri hutoka, hukaa saa nzima, hurudi. Nilidhani yuko barazani na kahawa chungu, nikaona maskini na apumue. Lakini nilipowauliza wenziwe wa barazani waliniambia hawajamwona tangu mwaka kuanza. Na kanzu yake, sasa nakumbuka, ilikuwa ikirudi na harufu ya iliki.

Iliki! Nikasema, huyu ana mke mwengine, na mke huyo anajua kupika. Nitasema kweli yangu hapa: lililoniuma zaidi ni hilo la kupika.

Basi ndiyo nikawa kichochoroni Kibokoni, nimejibanza ukutani, nikimtazama akichechemea na mkongojo wake, akiukanyagia mguu ambao daktari alisema asiukanyagie. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili. Akasimama mlangoni kwa Bi Swafia, akaingia bila hodi.

Nilijihisi mjinga. Bi Swafia ni mama yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Mama mzazi alifariki Mzamil akiwa na miaka minne, na Bi Swafia, ambaye hakujaaliwa mtoto, alimchukua akamfanya wake. Sasa ana miaka themanini na minane, na mwaka wa tatu huu akili inamtoka kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nikimzuru Ijumaa pamoja na mume wangu. Hizi siku nyengine zote sikuzijua, na kumzuru mama si jambo la kufichwa. Nikaingia.

Bi Swafia alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na jiko, na pembeni yake Ruweida, mjukuu wa nduguye anayeishi naye, msichana anayeuza leso Biashara Street asubuhi na alasiri anarudi kumwangalia bibi. Karai lilikuwa bado linachemka. Mzamil alikuwa mkekani, mguu wa bandeji ameunyosha, sahani mapajani. Kaimati. Zimeiva rangi ya dhahabu, zimezama kwenye shira ya sukari, iliki imejaa nyumba nzima. Moja ilikuwa shavuni mwake. Aliponiona hakuweza kuitema wala kuimeza.

Na Bi Swafia alikuwa akimtazama. Sijawahi kuona uso wenye furaha namna ile. Kila akitafuna, na yeye mdomo wake ulitafuna kidogo.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Wewe ni nani?"

"Mejumaa, mama. Mke wa Mzamil."

"Mzamil ameoa!" Akapiga makofi. "Naye yuwajua kupika?"

Nilimshika Mzamil kwapani nikamtoa mpaka ukumbini. Nilimsema kwa sauti ya chini, na mimi nikiwa na hasira sauti ya chini ndiyo mbaya. Nilimuuliza kama mguu ule ni wa kwake au ameuazima. Nilimuuliza kama anajua ni mara ngapi nimeamka nikagusa bandeji kuona kama imelowa. Akaningoja mpaka nikaishiwa.

"Nilimwambia," akasema. "Mwezi wa kwanza, tulipotoka hospitali. Akalia, Mejumaa, akalia mpaka akatapika. Kesho yake hakumbuki, akaniuliza mbona natembea hivi, nikamwambia tena, akalia tena vilevile. Siku ya tatu nikasema basi, sitamwambia. Nikakataa tu kaimati. Unajua aliniambia nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alinitazama akasema, wewe si Mzamil. Mzamil wangu hupenda kaimati. Akamwita Ruweida amtoe mgeni nyumbani."

Hapo akajifuta uso kwa kiganja. Mume wangu ameinua makontena ya tani thelathini kwa vidole viwili, na nilikuwa sijamwona akilia tangu tumzike babangu. Mtu mwengine angemhurumia palepale. Nami nilimhurumia, lakini hasira ilikuwa imeshapata njia, na ilirudi nami mpaka jikoni.

"Mama," nikasema, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "huyu mwanao anaumwa. Ana sukari. Mguu unamuoza na daktari anataka kuukata, na hizi kaimati ndizo zinazomuua."

Ruweida alishusha kijiko. Mzamil, mlangoni, alifumba macho. Uso wa Bi Swafia uliporomoka mbele yangu, mdomo ukaanza kumtetema, machozi yakashuka bila sauti. Nilijichukia. Nimesema mengi maishani mwangu ya kujutia, lile naliweka la kwanza.

Kisha akauliza, "Mguu upi?"

Mzamil akaja akakaa, akaunyosha. Bi Swafia akapangusa mikono kwenye leso, akainama, akaigusa bandeji, akainusa, kama mama anavyomnusa mtoto utosi. Akakaa hivyo kitambo. Alipoinua uso machozi yalikuwa bado yapo, lakini macho yalikuwa ya mtu mwengine. Akaiondoa sahani karibu na mwanawe, akanigeukia mimi.

"Mtoto yuwaumwa, nawe wamlisha kaimati?" akanifokea. "Mama gani wewe?"

Ruweida akajificha nyuma ya leso akacheka.

"Ruweida! Kanitafutie samaki, changu mdogo, wa leo. Na ndimu. Na wewe," mimi tena, "ondoka hapo, wanizibia mwangaza."

Basi mimi, mpishi wa watu mia nne, nilisimama mlangoni nikatazama. Mwanamke ambaye hakujua ni mwaka gani alimparua samaki yule bila kubakisha gamba. Akaponda kitunguu thomu na tangawizi, akatia bizari nzima, nyanya moja, kotimiri, ndimu mwishoni kabisa ili isiwe chungu. Hakutia tui, hakutia kitu kitamu. Hakuuliza chochote wala hakusita. Supu ilipoiva akakaa mkekani, akatoa miba kwa vidole, akamlisha Mzamil kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, huku akimpulizia.

"Hii alinipikia nilipougua surua," Mzamil akaniambia tulipotoka. "Nilikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimeisahau."

Kesho yake nilikwenda naye, kwa tuktuk mpaka mdomo wa kichochoro, maana kutembea nilikupiga marufuku. Tulipoingia unga wa kaimati ulikuwa umeshaumuka kwenye beseni. "Karibu, mwanangu. Wewe ni nani?" Hakuna kilichobaki cha jana, hata chembe.

Mzamil akanivuta. "Usimwambie."

"Nitamwambia."

"Kila siku atalia. Kila siku kwake itakuwa ndiyo siku ya kwanza. Mejumaa, huyu alinilea. Nimfanyie hivyo kwa ajili ya kidole?"

"Si kidole. Umemsikia daktari."

"Mguu ni wangu."

"Wako?" Nilisahau kunong'ona. "Nani atakuinua kwenda chooni? Nani atakaa nje ya mlango wa chumba cha kukatia, leo kidole, mwakani goti? Miaka thelathini na minane, Mzamil. Huna kitu mwilini mwako ambacho si changu, na huo mguu umo."

Akautazama mguu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi nimkaribie kuisikia, "Naogopa kukatwa. Wallahi naogopa. Lakini nikiwa pale mbele yake, naogopa zaidi asiponijua."

Tangu nimjue alikuwa hajanitamkia neno hilo. Hasira yote ikanitoka, nikamshika mkono.

"Jana alikujua," nikamwambia. "Alikujua wewe na surua yako na miaka yako mitano. Amekulisha kwa kijiko. Asiyekujua angekutolea miba?"

Ndani Ruweida alikuwa akisema, ngoja kidogo bibi, mafuta hayajapata moto.

"Basi sema wewe," Mzamil akaniambia. "Mimi siwezi."

Ndivyo nilivyokuwa mwenye kuleta habari mbaya. Kila alasiri, kabla mafuta hayajatiwa karaini, niliingia, nikambusu Bi Swafia mkono, nikajibu mimi ni nani, nikajibu kuhusu kupika. "Najifunza, mama," nilimwambia, na jibu hilo alilipenda. Yeye ndiye aliyenionja mkono nilipokuja bibi harusi, akasema mbele ya watu kwamba nitajifunza, na kwa miaka yote hiyo neno lile lilikuwa limenikwama kooni kama mwiba. Sasa nilikuwa nikilisema mwenyewe kila siku, na kila siku lilipungua makali.

Mwanzoni sikujua kusema. Nilikuwa nikiitoa habari yote kwa mkupuo, nipate kuitua, naye akilia sana. Siku ya tano alijifungia chumbani, tukamsikia akimwomba Mungu amchukue yeye amwache mtoto, mpaka maghrib ikaadhiniwa. Siku ile hakuna aliyepika kitu. Kwenye tuktuk Mzamil hakunitazama, na mimi nilisema moyoni kesho siji, bora mguu ukatwe. Usiku ule niliuota mguu wenyewe. Asubuhi nikajua nitakwenda, lakini si vile.

Siku ya sita nilikaa chini kwanza. Nilimshika mikono yote miwili.

"Mama, Mzamil ana kidonda mguuni. Kinatibiwa, na kitapona. Daktari amefanya yake. Sasa inatakiwa ile supu yako, na mimi siijui."

Macho yalilowa. Lakini hata machozi hayajadondoka alikuwa ameshaangaza huku na huku kutafuta kisu. "Huijui? Ndoo hapa nikuonyeshe." Nikaona nilipokuwa nimekosea. Nilikuwa nikimpa msiba bila kumpa kazi.

Toka siku hiyo nilisema hivyohivyo. Nilikuwa nimeshaijua supu ile kwa moyo, lakini kila siku nilionyeshwa, na nilishika thomu vibaya makusudi ili nigombwe. Baadhi ya siku alipika kunde na mchicha badala yake, kwa kuwa alikumbuka kwamba mwenye homa ya matumbo hapewi samaki. Tulimwacha. Dama alikuwa amemfundisha Mzamil mazoezi ya kukaa kitini, kuinua chupa mbili za maji juu na chini mara ishirini, ili damu itembee na mguu usiguswe. Alikuwa akiyafanya kwa Bi Swafia, naye akimhesabia. Akifika kumi na moja alipotea, akaanza tena moja, na Mzamil, maskini, alikuwa akiinua tu. Kuna siku aliinua mara sitini.

Daktari aliongeza sindano ya insulini, asubuhi na jioni, na sasa Mzamil hakuisahau hata mara moja. Kipimo kikasoma kumi na tatu. Kikasoma kumi. Alhamisi moja Dama akasoma nane nukta mbili, akasoma tena, akaniangalia mimi.

"Mumelipata lile jiko?"

"Tumelipata."

"Mumelizima?"

"Hapana," nikasema. "Tumebadilisha chungu."

Akacheka, akainamia kidonda. Kingo zilikuwa zimeanza kusogeleana, nyekundu, safi. Akanieleza kwamba mwanzo dawa ilikuwa ikishindana na shira, na shira ilikuwa na nguvu, ila sasa dawa imepata nafasi. Mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa nikila wanachokula wao, nguo za harusi zilianza kunipwaya kiunoni na presha yangu ikashuka. Sikumwambia mtu. Sikutaka kusikia wakisema nimenyauka.

Siku ya arobaini na nne tangu ile Jumanne ilikuwa siku ya daktari. Dama alifungua bandeji, akabonyeza na dole gumba pale palipokuwa na shimo, akamwita daktari. Daktari naye akabonyeza. Kidonda kilikuwa kimefunga. Ilibaki ngozi mpya, nyororo, ya waridi, kama ya kisigino cha mtoto mchanga.

"Kidole kinabaki," daktari akasema. "Lakini sukari haijaondoka, mzee. Hiyo ni ya maisha. Mkirudi mlikotoka, tutaonana tena hapahapa."

Nilimshukuru. Nikatoka nje kabla sijaaibika, nikalia nimeshika ukuta wa maegesho, mlinzi akanipa kiti.

Kwenye tuktuk Mzamil akasema, "Leo nitasema mimi."

"Utasema nini?"

"Kwamba nimepona."

"Ukimwambia umepona atasonga unga wa kaimati. Bora tuendelee vilevile."

"Siku arobaini na nne amesikia naumwa," akasema. "Kila siku amelia, hata kama kidogo. Hata siku moja hajasikia nimepona. Hiyo ni haki yake, Mejumaa."

Nikauchukua mkongojo wake, nikaushika mimi.

Aliingia bila mkongojo, kwa viatu vyake vipya vipana vya ngozi laini. Akakaa mkekani, akavua, akaunyosha mguu mtupu.

"Mama, nimepona."

Bi Swafia akamtazama. "Ulikuwa waumwa?"

"Nilikuwa naumwa mguu."

"Mbona hukunambia, mwanangu?"

Mzamil akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Ruweida.

Bi Swafia akauchukua mguu akauweka mapajani. Akapapasa na kidole, akapita kwenye kovu, akarudi. "Kilikuwa kikubwa," akasema. "Alhamdulillah. Alhamdulillah." Akainua uso akaniona. "Wewe ni nani?"

"Mejumaa, mama. Mke wake."

"Ni wewe uliyemuuguza?"

Alinitazama kwa uso uleule aliokuwa akimtazamia Mzamil akila. Nilikuwa nimeungoja tangu nikiwa bibi harusi. Ningeweza kusema ndiyo, na asingejua, na Mzamil asingenisuta.

"Ni wewe, mama," nikasema. "Wewe ndiye uliyempikia. Siku arobaini na nne."

"Mimi?" Akacheka kwa nguvu, akajipiga paja. "Jambo kama hilo ningalisahau?"

Ruweida aligeuka akajitia kufuta jiko. Bi Swafia, bado akicheka, akauvuta mkono wangu wa kulia, huu wa mwiko, wenye alama za moto, akaubusu ndani ya kiganja. "Mungu aubariki," akasema. "Umenilelea mwanangu." Nilitaka kumwambia tena kwamba si mimi. Nikamwachia mkono aushike.

"Sasa amepona," akasema, "tumpikie kitu apendacho. Wataka kaimati, Mzamil?"

Beseni lilikuwa pale, limefunikwa kitambaa, na unga umeumuka. Nilijizuia nisiseme. Nilijizuia mpaka meno yakaniuma.

"Sitaki, mama," Mzamil akasema. Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Zaniumiza. Nipikie samaki."

Bi Swafia alimtazama usoni. Alimtazama paji, akamtazama macho, akateremka mpaka mdomoni, muda mrefu, na Mzamil akakaa atazamwe, hakujificha, mkono wake umelishika vazi langu kwa pembeni kama mtoto sokoni.

"Haya," Bi Swafia akasema. "Basi niinueni."

Tukamshika, mimi mkono huu na Mzamil mkono ule, tukamwinua.